Je, wajua kwa nini nesi anakwambia usioge kwanza?

Hili swali watu wanauliza sana hapa Arusha. Mtu kashambuliwa usiku Ngarenaro au dada kabakwa njiani akirudi Sakina, anafikishwa hospitali damu na vumbi mwili mzima, anachotaka yeye ni maji na nguo safi basi, afu nesi anamwambia pole dada yangu, usioge kwanza, hata ukitaka kukojoa niambie, na zile nguo anazivua taratibu anazitia kwenye bahasha za kaki moja moja. Ndugu waliomleta wanaona kama anateswa mara ya pili. Kumbe nesi hapo anafanya kazi mbili kwa mpigo, anatibu na analinda ushahidi (wazungu wanaita forensic nursing), na hiyo ya pili ikiharibika hakuna askari wala wakili atakayeirudisha.

Maana mwili wa aliyeshambuliwa wenyewe ni eneo la tukio. Mate, shahawa, nywele, ngozi ya mshambuliaji iliyobaki chini ya kucha, vyote viko pale na vinaanza kupotea saa hiyo hiyo, ukioga ndo umevimwaga. Kwa kesi za ubakaji sampuli zinatakiwa zichukuliwe mapema, ikiwezekana ndani ya saa 72. Na kwa nini kaki, si nailoni? Nguo yenye damu ina unyevu, ukiifungia kwenye nailoni bakteria na fangasi wanamea humo wanaiharibu DNA, ikifika kwa Mkemia Mkuu (ana ofisi ya Kanda ya Kaskazini hapa hapa Arusha) unakuta hamna cha kupima. Karatasi inapitisha hewa. Kila nguo inakaa peke yake ili damu ya shati isihamie kwenye sketi, na shati lenye tundu la kisu mkasi haupiti kwenye tundu, unapita pembeni, kwa sababu lile tundu linaweza kulinganishwa na kisu kitakachokamatwa.

Afu kuna kuandika, na mimi naona hapa ndo kesi nyingi zinapona au zinakufa. Nesi aliyefundishwa haandiki tu "ana majeraha", anaandika mchubuko wa sentimita ngapi, rangi gani, mkono upi, anapiga picha na rula pembeni, na maneno ya mgonjwa anayaandika kama yalivyotoka mdomoni. Anajua pia cha kuuliza. Mtu aliyekabwa koo anaweza asiwe na alama hata moja shingoni, lakini sauti imekwaruza, kumeza kunauma, machoni kuna vidoa vidogo vyekundu, na huyo anaweza kufa baadae kama hakuna aliyegundua. Vilevile anajua kwamba kutokuwa na jeraha sehemu za siri hakumaanishi mtu hakubakwa, na hicho kinachoitwa kipimo cha bikira hakithibitishi kitu, Shirika la Afya Duniani na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa yalishataka kiachwe kabisa tangu 2018.

Kwetu PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, inajazwa na daktari au tabibu, ila anayekaa na mgonjwa muda mrefu na kushika nguo zake mara nyingi ni nesi. Kila bahasha inafungwa, inaandikwa jina, tarehe, saa na saini, na anayeipokea naye anasaini, kutoka wodini mpaka polisi mpaka maabara. Pakikatika sehemu moja tu wakili wa mshtakiwa atauliza hii nguo usiku ule ilikuwa kwa nani, na hapo kesi inaanza kuyumba. Hata PF3 yenyewe haijitetei, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inataka mshtakiwa aambiwe ana haki ya kuomba aliyeiandaa aje kuhojiwa, asipoambiwa hiyo fomu inaweza kuondolewa kwenye ushahidi, imeshatokea kwenye rufaa nyingi. Bahati nzuri fomu sio kila kitu, Mahakama ya Rufani ilishasema 2006 kwamba ushahidi wa kweli wa ubakaji unatoka kwa mwathirika mwenyewe.

Marekani hii kazi ni taaluma kamili, manesi walianza programu ya kupokea waliobakwa Memphis mwaka 1976, chama chao cha kimataifa kikaanzishwa 1992, na 1995 ikatambuliwa rasmi kama fani ya uuguzi. Sisi tuna madawati ya jinsia na watoto polisi, tuna vituo vya mkono kwa mkono ambako daktari, polisi na ustawi wa jamii wanakaa sehemu moja, ila kwa maoni yangu kila mapokezi ya dharura, iwe Mount Meru, Mawenzi au KCMC, inatakiwa kila zamu iwe na nesi aliyesomea hii kitu haswa.

Na tafadhali, kama umeshaoga, umeshafua, hata siku mbili zimepita, nenda hivyo hivyo. Dawa za kuzuia maambukizi ya HIV zinaanza kabla saa 72 hazijaisha na unazimeza siku 28, na ya kuzuia mimba inawezekana mpaka siku 5 japo mapema ndo bora zaidi. Kama hali ni mbaya nenda hospitali moja kwa moja, PF3 itafuata. Kama ni mtoto, piga 116, ni bure.