Sindano ya testosteroni haiongezi mbegu

Kwenye jimu moja mtaani Umoja, Nairobi, nilimsikia kijana akimshauri mwenzake anayetafuta mtoto: "Dunga testo, buda, mbegu zitajaa." Ni kinyume kabisa.

Testosteroni, homoni ya kiume, yenyewe haigeuki kuwa mbegu za kiume. Huingia ndani ya seli, hushikana na kipokezi chake, kisha wawili hao hujibandika kwenye DNA, wakawasha jeni hizi na kuzima zile. Ndani ya korodani, seli zinazolea mbegu husubiri amri hiyo. Kwenye epididimisi, ule mrija uliojikunja nyuma ya korodani (ukinyooshwa hufika mita 6 hivi!), jeni zinazowashwa hutoa protini za kuikomaza mbegu hadi iweze kuogelea.

Sasa, korodani huhitaji testosteroni nyingi kuliko iliyo kwenye damu, tena mara nyingi zaidi, na hujitengenezea zenyewe. Ukijidunga, ubongo unaona damu imejaa testosteroni, unapunguza LH na FSH, homoni zinazoziamuru korodani kufanya kazi, nazo korodani zinalala. Kifua kinatuna, mbegu zinapungua, pengine hadi sifuri. Ukiacha, mara nyingi hurudi, ila si wiki ijayo: kutengeneza mbegu huchukua siku 70 hivi, na wengine husubiri miezi mingi.