Kusitisha vita maana yake nini? Chukua mfano wa mwaka 1918

Shuleni tulikariri kwamba Vita Kuu ya Kwanza ilianza 1914 ikaisha 11 Novemba 1918, unaandika hivyo kwenye mtihani unapata maksi zako, basi. Ila muulize mtu siku hiyo hasa kulifanyika nini, atakwambia Mjerumani alisalimu amri, mwingine atasema walisaini amani. Hakuna hata moja lililotokea siku ile. Kilichosainiwa ni mkataba wa kusitisha vita, na hicho ni kitu cha tatu kinachojitegemea, na mimi naona mtu akikielewa vizuri ndo anaelewa kwanini watu waliendelea kufa baada ya saini, na kwanini huku kwetu Afrika Mashariki vita ilichukua wiki mbili zaidi.

Tuanze na maana yenyewe. Kusitisha vita ni pande mbili kukubaliana bunduki zinyamaze, kwa masharti na kwa muda fulani, huku vita yenyewe kisheria bado ipo. Fikiria watu wawili wanagombea mpaka wa shamba, wazee wanasema hebu kila mtu aweke jembe chini mpaka baraza likae. Hapo hakuna aliyeshinda kesi, mpaka bado haujawekwa, ni jembe tu limesimama. Kusalimu amri ni pale mmoja anaposema basi nimeshindwa, chukua silaha zangu na watu wangu wako mikononi mwako. Mkataba wa amani ndo baraza lenyewe, ndo unaosema nani anachukua nini na nani analipa nini. Haya matatu mara nyingi yanafuatana lakini hailazimiki. Korea walisitisha vita 27 Julai 1953 na mpaka leo mkataba wa amani haujasainiwa, yaani miaka yote hiyo wako kwenye lile jembe lililosimama.

Sasa 1918. Mwaka huo ulikuwa na mikataba mingi kuliko watu wanavyojua. Machi 3 Urusi ya Wabolsheviki ilisaini amani na Ujerumani pale Brest-Litovsk, hiyo ilikuwa amani kamili na Urusi ikapoteza maeneo makubwa mno. Tarehe 21 mwezi huohuo Wajerumani wakaanza mashambulizi makubwa kule Ufaransa wakitaka kumaliza kazi kabla Wamarekani hawajafika wengi, wakasogea sana halafu wakakwama, na kuanzia Agosti wakawa wanarudi nyuma tu. Halafu marafiki zake Mjerumani wakaanza kudondoka mmoja mmoja, Bulgaria ikasitisha vita 29 Septemba, Dola ya Uthmaniya 30 Oktoba, Austria na Hungaria 3 Novemba. Kila mmoja na karatasi yake. Ujerumani ilibaki peke yake, mabaharia wameasi, mjini watu wana njaa, na tarehe 9 Novemba mfalme wao, Kaiser Wilhelm, akatangazwa amejiuzulu, kesho yake akakimbilia Uholanzi.

Ujumbe wa Wajerumani wa kwenda kuomba kusitisha vita uliongozwa na raia, mwanasiasa anaitwa Matthias Erzberger. Hapa naomba tukae kidogo. Majenerali ndo walioshindwa vita lakini aliyetumwa kuomba ni mtu wa bunge, na jina lake ndo likabaki kwenye karatasi. Walifika kwenye msitu wa Compiègne tarehe 8, wakamkuta Marshal Foch wa Ufaransa ndani ya behewa la treni, akawasomea masharti akawapa saa 72 wajibu. Waliomba mapigano yasimame wakati wanazungumza, Foch akakataa. Kwahiyo siku tatu hizo watu wanaendelea kuuana huku wakubwa wapo mezani.

Na masharti yenyewe ukiyasoma hutashangaa kwanini watu wanachanganya na kusalimu amri. Watoke Ubelgiji, Ufaransa na kwingine walikovamia ndani ya siku 15, watoe mizinga 5,000, bombomu 25,000, ndege 1,700, vichwa vya treni 5,000 na mabehewa 150,000. Meli za Uingereza ziendelee kuzuia bidhaa zisiingie Ujerumani, kwahiyo njaa iko palepale. Muda wa mkataba ni siku 36 tu, ukiisha inabidi wauongeze, na kweli waliuongeza mara tatu. Nchi ikishatoa vitu vyote hivyo haiwezi tena kurudi vitani hata ikitaka, na hiyo ndo ilikuwa nia. Lakini kwenye karatasi bado ni kusitisha tu.

Walisaini alfajiri, saa kumi na moja na dakika chache, wakaandika utaanza kufanya kazi saa tano asubuhi. Ile kumi na moja, kumi na moja, kumi na moja inayoimbwa na wazungu, kwa saa yetu ni saa tano. Katikati hapo kuna karibu saa sita. Zilikuwa za kupeleka habari kwa simu na kwa wajumbe mpaka mtaro wa mwisho, lakini kuna makamanda walioendelea kushambulia wakijua kabisa kwamba karatasi imeshasainiwa. Siku ile peke yake, waliokufa, waliojeruhiwa na waliopotea kwa pande zote wanahesabiwa zaidi ya elfu kumi. Mmarekani mmoja, Henry Gunther, alikimbilia kizuizi cha Wajerumani, wenzie wa upande wa pili wanampungia mkono arudi maana wanajua imebaki kidogo, hakurudi, akapigwa risasi dakika moja kabla ya saa tano. Na kule Uingereza mama yake mshairi Wilfred Owen, aliyeuawa tarehe 4 mwezi huohuo, alipokea telegramu ya msiba siku hiyohiyo kengele zinapigwa za kushangilia. Mimi hiyo ya mama inaniuma kila nikiikumbuka.

Haya, sasa kipande kinachotuhusu sisi, na ambacho vitabu vingi vinakipita haraka. Kwenye ule mkataba kuna kifungu cha 17, na hicho kinataja Afrika Mashariki kwa jina. Rasimu ya kwanza ilisema majeshi ya Kijerumani yanayopigana Afrika Mashariki yasalimu amri bila masharti ndani ya mwezi mmoja. Kwenye mazungumzo neno likabadilishwa, toleo lililosainiwa likasema yaondoke ndani ya muda utakaopangwa. Kuondoka na kusalimu amri ni mbali sana, anayeondoka anaondoka na heshima yake na bunduki yake, anayesalimu anaviacha.

Von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani Afrika Mashariki, wakati huo alikuwa wapi? Alishavuka Ruvuma kuingia upande wa Wareno, Msumbiji ya leo, Novemba 1917, akazunguka huko karibu mwaka mzima, akarudi mwishoni mwa Septemba 1918 akapitia Songea akapanda juu, na mwanzoni mwa Novemba akaingia Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, huku King's African Rifles, jeshi la Mwingereza la askari Waafrika, wale watu waliowaita Keya, wako nyuma yake. Tarehe 11 saa tano asubuhi Paris wanacheza barabarani, huku watu bado wanaandamana na mizigo kichwani. Tarehe 13 Wajerumani wameshaingia Kasama, na siku hiyo ndo wakamkamata tarishi wa Kiingereza mwenye pikipiki akiwa na ile habari. Kesho yake pale mto Chambeshi hakimu wa Kiingereza akamletea Lettow ujumbe wa Jenerali van Deventer, mkuu wa majeshi ya Mwingereza Afrika Mashariki. Na ujumbe ule ulinukuu kifungu cha 17 kwa maneno ya ile rasimu ya kwanza, kusalimu amri bila masharti. Neno lililokuwa limeshafutwa mezani kule Compiègne likafika Afrika likiwa hai. Baadae Lettow alipojua maneno halisi alilalamika, lakini tarehe 25 Novemba 1918 watu wake walikuwa wameshaweka silaha chini pale Abercorn, siku hizi Mbala, wazungu 155, askari zaidi ya 1,100, na wapagazi na wanawake na watoto waliokuwa wanafuatana na safari.

Kwahiyo ukiulizwa vita iliisha lini jibu linategemea uko wapi na unauliza kuhusu nini. Ulaya Magharibi bunduki zilinyamaza 11 Novemba. Huku mapigano yaliisha wiki hiyo na silaha zikawekwa chini 25 Novemba. Kisheria amani na Ujerumani ilisainiwa Versailles 28 Juni 1919 ikaanza kufanya kazi 10 Januari 1920, na ni huo mkataba, wala sio ule wa Compiègne, uliomvua Mjerumani makoloni, ndo tukapata Tanganyika chini ya Mwingereza na Ruanda-Urundi chini ya Mbelgiji.

Na kuna kitu hakikusikia mkataba wowote, nacho ni homa. Ile waliyoiita ya Kihispania, na haikutoka Hispania, ni vile Hispania haikuwa vitani kwahiyo magazeti yake yaliandika wazi wakati kwingine serikali zilizuia habari. Afrika Kusini ilipiga vibaya sana Oktoba, Transkei ikiwemo, na kule kijiji cha Mvezo kulikuwa na kichanga cha miezi mitatu hivi, Rolihlahla, aliyezaliwa 18 Julai, ambaye dunia ilikuja kumjua kama Nelson Mandela. Watu wa Lettow walipopelekwa kwa Ziwa Tanganyika mpaka Kigoma halafu Tabora, homa iliwafuata humo kambini ikaua wengine waliopona risasi miaka minne yote.

Erzberger naye hakupona. Kwasababu Ujerumani ilisitisha vita jeshi likiwa bado nje ya ardhi yake, wengi nyumbani hawakuamini kwamba wameshindwa, wakasema wanasiasa ndo wamewauza, na Agosti 1921 watu wenye imani hiyo wakamuua kwa risasi. Hitler alilibeba hilohilo, na Ufaransa ilipoomba kusitisha vita Juni 1940 aliamuru lile behewa la Foch litolewe makumbusho lirudishwe palepale msituni wasainie humo.

Askari wa Abercorn walikuwa hawajalipwa mshahara muda mrefu, wakaondoka na vyeti vya madai. Bunge la Ujerumani Magharibi lilipitisha malipo yao 1964, waliobaki wakiwa wazee. Pesa ile ilikuwa ya askari. Wapagazi, ambao upande wa Mwingereza peke yake waliokufa wanakadiriwa kuzidi 90,000, wana jina tu la Kariakoo pale Dar na Kariokor pale Nairobi, yote yametokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi cha Mwingereza.