Mpiga drams yuko wapi? Shuggie Otis na albamu yake ya 1974

Juzi nimeweka wimbo "Aht Uh Mi Hed" wa Shuggie Otis, mwanamuziki wa Marekani, hapa studio kwangu Tabora, studio yenyewe chumba kimoja na magodoro ukutani, na alikuwepo mzee mmoja aliyewahi kupiga besi kwenye bendi za mji huu. Kasikiliza wee, kisha kaniuliza, "Mwanangu, mpiga drams yuko wapi?"

Pale mwanzo hayupo mzee wangu, ni mashine, kale kasanduku ka midundo kanakotoa tik-tak nyepesi kama mvua kwenye bati. Juu yake Shuggie Otis kaweka ogani, gitaa, besi, yani karibu kila kitu kapiga mwenyewe, anarekodi chombo kimoja, anarudisha tepu, anapiga kingine juu yake. Albamu ni Inspiration Information, lebo ya Epic waliitoa 1974, dogo hajafika hata miaka 21.

Ikadoda, Epic wakamtema. Na 1977 kundi la Brothers Johnson, chini ya prodyuza Quincy Jones, wakauchukua wimbo wake wa zamani "Strawberry Letter 23" ukapaa kweli kweli, watu wanacheza wala hawamjui mtunzi.

Sasa wengi wanasema mashine ndo ilimponza, mi nakataa, maana Sly Stone, mwanamuziki mwingine wa Marekani, alitumia mashine kama hiyo kwenye "Family Affair" mwaka 1971 na ukashika namba moja Marekani. Ila Sly sauti iko mbele, unaimba naye. Otis anaimba kwa kujificha, na ukigeuza santuri upande wa pili, ukishapita "Happy House" hakuna mtu anayeimba tena hadi mwisho, sasa redio wapige nini? Halafu masikio ya wakati ule yalizoea bendi nzima, hata kwetu RTD, Radio Tanzania Dar es Salaam, bendi ilikuwa inaingia inapiga kwa pamoja, mmoja akikosea mnarudia wote, kwahiyo kuna kusukumana fulani hivi ambako mtu wa peke yake hakupati.

2001 lebo ya mwanamuziki David Byrne, Luaka Bop, ikaitoa upya na watu wakaielewa fasta, maana kufikia hapo mtu mmoja na mashine chumbani ilishakuwa kitu cha kawaida tu. Madogo wanaoniletea biti kwenye flashi hawajawahi kuniuliza mpiga drams yuko wapi.

Mzee kaondoka na "Rainy Day" kwenye simu yake. Ile ya mashine kasema nibaki nayo mwenyewe.