Kilo 18 Zimezidi: Je, Nifanyiwe Upasuaji wa Kupunguza Uzito?

Zamani aliyekuja kuulizia upasuaji wa kupunguza uzito alikuwa mtu wa kilo 140, magoti yamechoka, ngazi hazipandiki. Tangu Hospitali ya Mloganzila, Dar es Salaam, waanze kuweka maputo tumboni, na simu zetu kujaa picha za "kabla" na "baada", wanaouliza ni wengine kabisa: watu wa kilo 80 na ushei, wanaotembea vizuri na kufanya kazi zao, ila nguo zimeanza kubana na ndugu hawaishi kusema. Maswali haya ni ya watu wa namna hiyo.

Nina miaka 34, kilo 82, urefu sentimita 160. Kitaalamu mimi ni mnene kiasi gani?

Zidisha urefu wako wa mita kwa urefu huo huo (1.6 × 1.6 = 2.56), kisha gawanya uzito kwa jibu hilo. Kilo 82 gawanya kwa 2.56 ni 32. Hiyo ndiyo BMI yako. Kuanzia 18.5 hadi 24.9 ni uzito wa kawaida, 25 hadi 29.9 ni uzito uliozidi, na 30 hadi 34.9 huitwa unene wa daraja la kwanza, ambako wewe umo. Mwanamke wa urefu wako anatakiwa asivuke kilo 64 hivi, kwa hiyo umezidi kama 18.

Ila BMI haijui kilo hizo zimekaa wapi. Mafuta ya mapajani na nyongani yana madhara machache. Yanayotisha ni yale ya ndani ya tumbo, yanayozunguka ini na kongosho. Azima utepe wa fundi cherehani, vua khanga, tafuta katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, toa pumzi, pima bila kukaza. Mwanamke akivuka sentimita 80, au mwanamume 94, kuna jambo la kufuatilia. Ukitaka kanuni moja kwa wote: kiuno kisifike nusu ya urefu wako.

Daktari mmoja amenikatalia, mwingine yuko tayari kunipasua wiki ijayo. Nani yuko sahihi?

Huenda kila mmoja anafuata mwongozo wake. Mwaka 1991 wataalamu walioitwa na taasisi za afya za taifa za Marekani waliamua kwamba upasuaji ni wa mwenye BMI ya 40 na kuendelea, au 35 akiwa na ugonjwa unaotokana na unene. Dunia ilitumia kipimo hicho kwa miaka 30. Mwaka 2022 vyama viwili vya madaktari wa upasuaji huu, ASMBS cha Marekani na IFSO cha kimataifa, vikakilegeza: kuanzia 35 hata bila ugonjwa wowote, mwenye kisukari cha aina ya pili kuanzia 30, na wengine wa 30 hadi 34.9 wafikiriwe ikiwa njia nyingine zimeshindwa. Kwa watu wenye asili ya Asia, wakiwamo ndugu zetu Wahindi wa Mombasa na Dar es Salaam, viwango vinashushwa zaidi, kwa sababu kisukari huwapata wakiwa na uzito mdogo.

Mwongozo huo umeandikwa na wapasuaji wenyewe. Hilo haliufanyi kuwa wa uongo, lakini ni vizuri kulikumbuka unapousoma. Na kufikiriwa si sawa na kuandikiwa tarehe. Anayetaka kukupasua wiki ijayo hali hajapima sukari yako ya miezi 3 (HbA1c, kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa muda huo), hajaangalia tumbo kwa kamera, hajakukutanisha na mtaalamu wa lishe, mimi ningemkimbia.

BMI yangu ni 33 na nina kisukari kwa miaka 3. Dawa nameza, sukari haishuki. Je, upasuaji utanisaidia?

Hapa mazungumzo yanabadilika kabisa, na kama ningelazimika kumtaja mtu mmoja wa uzito wa kati anayestahili kuufikiria upasuaji kwa dhati, ningekutaja wewe.

Kuna aina mbili zinazofanyika zaidi. Ya kwanza ni kukata sehemu kubwa ya mfuko wa chakula, karibu robo tatu au zaidi, na kuacha mrija mwembamba wenye umbo la ndizi. Sehemu iliyoondolewa ndiyo inayotoa kwa wingi homoni ya njaa iitwayo ghrelini, ndiyo maana watu hushangaa kuona hamu ya kula imepotea. Ya pili, inayoitwa baipasi, hutenga kijifuko kidogo sana juu ya tumbo na kukiunganisha na utumbo mwembamba, chakula kikapita njia ya mkato. Kinapofika chini mapema, utumbo humwaga homoni zinazoamsha kongosho. Kwa wagonjwa wengi sukari huanza kushuka ndani ya siku chache, kabla hata mizani haijasogea. Kwa hiyo dozi za dawa za kisukari hupunguzwa hapo hapo hospitalini. Ukiendelea na dozi ya zamani, sukari inaweza kuporomoka ukazimia.

Utafiti unaokuhusu zaidi ulifanyika Cleveland, Marekani, kwa wagonjwa 150 wa kisukari wenye BMI ya 27 hadi 43, kwa hiyo watu wa uzito wako walikuwamo. Baada ya miaka 5, waliofikisha sukari ya miezi 3 kwenye asilimia 6 au chini walikuwa 29 kwa kila 100 waliofanyiwa baipasi, 23 kwa waliokatwa tumbo, na 5 tu kwa waliotumia dawa peke yake. Tofauti ni kubwa. Lakini geuza hesabu hiyo upande wa pili: zaidi ya theluthi mbili ya waliopasuliwa hawakufikia lengo hilo, ingawa wengi walipunguza dawa. Na kisukari hujua kurudi. Katika utafiti mrefu wa Sweden, wagonjwa 72 kati ya 100 hawakuwa na kisukari miaka 2 baada ya upasuaji. Kwenye mwaka wa 10 walikuwa wamebaki 36.

Wanaofaidika zaidi ni wale ambao kisukari chao ni cha miaka michache na bado hawajaanza insulini. Miaka yako 3 inakupendelea. Kabla ya lolote, hakikisha ni kisukari cha aina ya pili kweli, na muulize daktari wako kama dawa ulizopewa ndizo bora kwako au ndizo zilizokuwepo tu duka la dawa.

Mimi sina kisukari wala presha. Nataka kupungua tu.

Basi kwa maoni yangu, hapana. Angalau si sasa.

Katika vituo vyenye uzoefu, anayefariki ndani ya mwezi mmoja ni kama mtu 1 kwa kila 1,000. Ni hatari ndogo, kama ilivyo kwa operesheni nyingi za kawaida. Kwa mtu wa kilo 150 mwenye moyo unaochoka, kubaki alivyo kunaua zaidi ya kisu, kwa hiyo hesabu ni rahisi. Kwako wewe, usiye na ugonjwa, unachoweza kupata ni kidogo zaidi, lakini hatari za kisu, za nusukaputi, za mshono kuvuja na damu kuganda miguuni hazipungui kwa kiasi hicho hicho. Na tumbo likishakatwa halirudishwi.

Ila pima kweli kabla ya kusema huna kitu. Wengi wanaosema "sina ugonjwa" hawajawahi kupimwa. Mwenye kukoroma hadi anakata pumzi usingizini, mwenye ini lililojaa mafuta, mwenye hedhi zinazopotea miezi kwa sababu ya homoni, huyo ana ugonjwa, na hesabu yake inafanywa upya.

Na puto?

Puto halikati kitu. Huingizwa kwa kamera kupitia mdomoni, au humezwa kama kidonge, likajazwa maji likiwa tumboni. Hukaa miezi 6 hivi, mengine miezi 4, kisha hutoka. Siku za mwanzo ni za kutapika na tumbo kunyonga; wapo wanaoshindwa wakaomba litolewe. Kwa wastani mtu hupoteza karibu asilimia 10 ya uzito, kwako kama kilo 8, na baada ya kutolewa nyingi hurudi ikiwa sahani haijabadilika. Kwa BMI ya 30 hadi 35 linaruhusiwa na lina mantiki kuliko kisu, hasa kwa mtu anayehitaji kupungua kwa muda, tuseme kabla ya operesheni ya goti. Puto likipasuka, maji yake mara nyingi yamewekwa rangi ya buluu: mkojo ukigeuka kijani, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Sindano je? Jirani yangu amepungua sana.

Sindano zimelivuruga swali zima, na kwa watu wa uzito wa kati zimelivuruga kwa uzuri. Katika utafiti uliotolewa 2021, semaglutide, dawa ya kupunguza njaa inayochomwa kila wiki, iliwapunguzia watu karibu asilimia 15 ya uzito ndani ya wiki 68. Mwaka uliofuata tirzepatide, sindano nyingine ya namna hiyo, kwa dozi ya juu, ikafika karibu 21. Upasuaji huondoa takribani asilimia 25 hadi 30, kwa hiyo pengo limebaki dogo. Kabla ya 2021 ningesema mwenye BMI ya 32 achague kati ya mlo na kisu. Sasa kuna hatua kubwa katikati, na inaweza kusimamishwa ikikukataa.

Ubaya ni kwamba ukiacha, uzito hurudi. Waliosimamisha semaglutide walirudisha theluthi mbili ya walichopoteza ndani ya mwaka. Bei ya mwezi ni kubwa, na bandia zimejaa: Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu semaglutide ya kughushi. Kalamu ya sindano ambayo haijafunguliwa inatakiwa ikae kwenye friji. Iliyoletwa na bodaboda mchana wa jua, ndani ya mfuko wa nailoni, kutoka kwa muuzaji wa WhatsApp, hata kama ni halisi huenda imeshaharibika.

Maisha baada ya upasuaji yakoje? Watu husema tu "unakula kidogo."

Kidogo kweli. Wiki za kwanza ni vya kunywa: supu iliyochujwa, maziwa, maji kwa vijiko. Kisha vya kupondwa, kisha laini. Ukirudi kwenye chakula cha kawaida, unaanza na samaki, yai, kuku au maharage, kwa sababu unahitaji angalau gramu 60 za protini kwa siku na nafasi ni finyu. Yai moja lina 6 tu. Ugali unakuja mwisho, ukipata nafasi. Chapati na mkate hukwama kifuani, mtu akasimama mezani machozi yanamtoka. Maji hunywi wakati wa kula, unasubiri nusu saa. Kwenye harusi utachota vijiko vitatu vya pilau, na shangazi atataka kujua umemkasirikia nani. Baada ya baipasi, soda au keki inaweza kukutoa jasho, moyo ukapiga mbio, tumbo likaharisha.

Kuna vidonge vya maisha: vitamini B12, madini chuma, kalsiamu, vitamini D. Nenda duka la dawa uulize bei ya mwezi, zidisha kwa 12, ndipo uamue. Wanawake wetu wengi wana upungufu wa damu hata kabla ya kukatwa tumbo.

Na jambo moja ambalo huku kwetu halisemwi vya kutosha: diklofenaki. Kila mgongo ukiuma tunaimeza, kila kliniki inachoma. Kwa aliyefanyiwa baipasi, dawa hizo na sigara huchimba kidonda pale kwenye muunganiko. Itabidi ukatae hata pale muuguzi ameshaivuta kwenye bomba. Kama una vidonda vya tumbo, pima bakteria wa H. pylori na utibiwe kabla. Kama kiungulia kinakusumbua sana, upasuaji wa kukata tumbo mara nyingi hukizidisha, ulizia baipasi.

Bado nataka kuzaa.

Subiri miezi 12 hadi 18 baada ya upasuaji. Na usidanganyike kwamba hushiki mimba haraka: uzito ukishuka, mayai huamka. Baada ya baipasi vidonge vya uzazi wa mpango si vya kutegemea. Tumia kijiti, kitanzi au sindano. Kwa wanaotumia semaglutide, inaachwa miezi 2 kabla ya kutafuta mimba.

Kufunga Ramadhani?

Mwaka wa kwanza wengi wetu tunashauri usifunge, kwa sababu maji ya siku nzima hayaingii ndani ya usiku mmoja kwa tumbo dogo. Baadaye, ongea na daktari wako kabla ya Shaabani kwisha, hasa kama una kisukari.

Nimepata bei nafuu Uturuki, tiketi na hoteli humo humo.

Uturuki na India wapo wapasuaji hodari sana, na wapo wengine. Mwanzoni mwa 2023 makumi ya watu waliugua kwa sumu ya botulinamu, inayolegeza misuli, baada ya kuchomwa sindano za tumbo za kupunguza uzito huko Uturuki, nyingi zikiwa Istanbul. Wengine walianza kuugua wakiwa wamesharudi kwao Ujerumani.

Bei nafuu huishia uwanja wa ndege. Mshono unaweza kuvuja wiki ya pili, ukiwa umesharudi Tabata au Kisauni. Kwa hiyo kabla ya kulipa, tafuta daktari wa hapa anayekubali kukufuatilia, mpe jina la upasuaji unaokwenda kufanyiwa, na usipande ndege ya kurudi bila ripoti ya operesheni iliyoandikwa kwa Kiingereza. Moyo ukienda mbio, homa ikapanda, bega la kushoto likauma, au ukatapika siku nzima, nenda na ripoti hiyo hospitali usiku huo huo, na umwambie daktari wa zamu neno la kwanza kabisa kwamba umepasuliwa tumbo.