Saa imesimama, adhabu ya nini? Ucheleweshaji katika hoki ya barafu

Mimi ni mwamuzi wa mpira wa miguu hapa Lubumbashi, na napenda sana kusoma kanuni za michezo mingine. Iliyonifungua macho zaidi ni hoki ya barafu. Vijana ninaowafundisha uamuzi huniuliza: "Papa, kama kule filimbi ikilia saa inasimama, mchezaji anachelewesha nini?" Swali zuri. Mechi ya hoki ni vipindi 3 vya dakika 20, na zote ni dakika za kucheza kweli.

Kinachoibiwa si muda. Ni presha.

Timu ikibanwa kwenye eneo lake, inateseka. Katika hoki wachezaji hubadilishana mchezo ukiendelea, na kila kundi hukaa barafuni chini ya dakika moja tu kwa kawaida, maana mbio zile zinamaliza pumzi. Waliobanwa hawathubutu kutoka, kwa kuwa wakitoka wanaliacha lango wazi. Sasa beki aliyechoka akiinyanyua puki, kile kisahani kigumu cha mpira, akairusha juu ya vioo vinavyouzunguka uwanja hadi kwa watazamaji, mchezo unasimama na wenzake wanapata kuvuta pumzi. Saa haijapoteza hata sekunde, lakini wapinzani wamenyang'anywa kazi yao yote.

Ndiyo maana tangu msimu wa 2005–06 NHL, ligi kubwa ya hoki ya Marekani na Kanada, humtoa mchezaji huyo dakika 2, na timu yake hubaki pungufu. Puki iwe imepigwa kutoka eneo la ulinzi na kupita juu ya kioo moja kwa moja. Ikiguswa njiani, hakuna adhabu. Mwamuzi haulizi kama alikusudia. Zamani kipa peke yake ndiye aliyeadhibiwa bila kuulizwa nia. Kwa wengine ilibidi mwamuzi aone kusudi. Wapo wanaolalamika kwamba beki anaweza kutolewa dakika ya mwisho kwa bahati mbaya tu, puki ikiwa imemrukia vibaya. Nawaelewa, lakini niko upande wa kanuni. Nia ya mtu haionekani, na mwamuzi anayelazimishwa kuisoma mara nyingi huishia kunyamaza.

Msimu ule ule waliongeza jingine: timu inayobutua puki kutoka nusu yake mpaka mwisho wa uwanja, ili ipumue tu, hairuhusiwi kubadili wachezaji kabla ya mchezo kuanza tena. Waliochoka wabaki na uchovu wao! Fikra ni ile ile. Kung'oa lango makusudi nako ni kuchelewesha, na siku hizi hata kocha anayedai video iangaliwe kisha akaonekana amekosea, timu yake hulipa dakika 2.

Kwetu kwenye mpira wa miguu saa inatembea, kwa hiyo dawa yetu ya siku nyingi ni dakika za nyongeza. Kwenye Kombe la Dunia kule Qatar 2022, Uingereza na Iran walicheza karibu dakika 27 za nyongeza ukijumlisha vipindi viwili. Hata shangwe ya goli huhesabiwa, kwa hiyo Kidiaba, kipa wa zamani wa TP Mazembe ya hapa Lubumbashi, alipokuwa akishangilia kwa kurukaruka kwa makalio, sisi saa tuliiangalia. Lakini kipa wa kule Kamalondo, uwanja wa Mazembe, akilala chini dakika ya 80 wakati wageni wanashambulia kwa moto, mimi nitarudisha dakika 4. Ule moto siwezi kuurudisha.

Kwa hiyo nilifurahi sana IFAB, bodi inayotunga kanuni za mpira wa miguu, ilipobadili kanuni ya kipa kuanzia msimu wa 2025–26. Zamani kipa aliruhusiwa kushika mpira sekunde 6, akizidisha ni faulo isiyo ya moja kwa moja ndani ya boksi, adhabu ambayo waamuzi tuliiogopa. Sasa ni sekunde 8, kisha kona. Sekunde 5 za mwisho tunazihesabu kwa vidole, mkono juu, kila mtu anaona. Nia haiulizwi, na adhabu inalipwa palepale uwanjani, kama kwenye hoki.

Anayejifanya kuumia ndiye bado anatushinda. Mchezaji asiye kipa akitibiwa, kwa kawaida hutoka kwanza, kipa haondoki. Ningependa kipa akiita daktari, kocha wake achague mchezaji mwingine akae nje dakika moja. Tungeona ni makipa wangapi wataendelea kulala.