Je, wajua kwa nini mtandao hugoma ndani ya chroot ilhali nje unapita?

Umepachika diski yenye mfumo mwingine wa Linux, ukaingia ndani yake kwa amri ya `chroot`, na unachotaka ni kusakinisha programu moja tu. Skrini inakujibu kwamba imeshindwa kutafuta jina la seva. Unarudi kwenye kivinjari upande wa nje: kurasa zinafunguka kama kawaida. Kompyuta ni ileile, kebo ni ileile. Mbona huku ndani kimya?

Kabla hujagusa chochote, andika `ping 1.1.1.1` (namba ya seva ya umma iliyoko mtandaoni) ukiwa humohumo ndani. Mara nyingi majibu yanarudi bila shida. Kisha jaribu `ping example.com`, na hapo ndipo inapokwama. Mtandao basi upo. Kilichopotea ni njia ya kugeuza jina kuwa namba.

Chroot yenyewe haifanyi mengi. Amri hii, iliyoanzia Unix Toleo la 7 mwaka 1979, hubadilisha mahali ambapo programu inapaona kuwa mzizi wa faili, basi. Keneli, yaani kiini cha mfumo, ni ileile, kadi ya mtandao ni ileile, hata jedwali la njia halikuguswa. Lakini kutafuta majina si kazi ya keneli. Ni kazi ya maktaba ya C ambayo programu inaitumia, nayo hujua seva ya DNS (ile inayogeuza majina kuwa namba) ya kuuliza kwa kusoma faili ya `/etc/resolv.conf`. Mzizi ukishahamishwa, `/etc` inayosomwa ni ya humo ndani. Isipoikuta faili hiyo, glibc, maktaba ya C ya mifumo mingi ya Linux, hubahatisha kwa kuuliza 127.0.0.1, ambako kwa kawaida hakuna wa kujibu.

Dawa utakayoambiwa na kila mtu ni kunakili faili hiyo kutoka nje. Ni dawa sahihi, ila ina mtego wake. Katika mifumo mingi ya siku hizi `/etc/resolv.conf` si faili halisi bali kiungo kinachoelekeza kwenye `/run/systemd/resolve/stub-resolv.conf`, na `/run` ya ndani ya chroot huwa tupu. Ndiyo maana `ls` inakuonyesha jina la faili huku `cat` ikishikilia kwamba faili haipo, na zote mbili zinasema kweli. Hata `cp` hukataa kuandika kupitia kiungo kisichofika popote. Futa kwanza kiungo cha ndani, ndipo unakili.

Ukifungua nakala yako, huenda ukakuta mstari huu: `nameserver 127.0.0.53`. Hapa ndipo mambo yananoga. Ndani ya chroot mstari huo unafanya kazi vizuri, kwa sababu anwani za 127 za ndani na za nje ni zilezile. Upeleke mstari huohuo ndani ya kontena (programu iliyotengwa na mfumo uliobaki) lenye mtandao wake na hautafaa kitu. Tangu mwaka 2008 keneli ya Linux inaweza kuipa programu mtandao wa peke yake, wenye kadi yake, jedwali lake la njia na 127 yake. Kontena likiuliza 127.0.0.53 linajiuliza lenyewe. Docker, programu ya kuendesha makontena, inalijua hilo, ndiyo maana haichukui mstari huo kama ulivyo bali hutafuta seva halisi za DNS.

Kwa hiyo, kabla ya kuanza kubadilisha mipangilio, jua kwanza kilichotengwa: ni faili tu, au na mtandao pia? Endesha `readlink /proc/self/ns/net` nje, kisha ndani. (Ndani ya chroot, `/proc` lazima iwe imepachikwa.) Kila upande utakupa namba ndefu. Zikifanana, mtandao ni mmoja, kwa hiyo tafuta kosa kwenye faili. Zikitofautiana, anza kuifuata pakiti, yaani kifurushi cha data, njiani.

Kwenye Docker ya kawaida `ip route` ya ndani huonyesha lango 172.17.0.1, ambalo ni daraja lililoko kwenye kompyuta mwenyeji. Lijaribu kwanza kwa `ping`. Likijibu, halafu 1.1.1.1 isijibu, tatizo liko kwa mwenyeji. Angalia `sysctl net.ipv4.ip_forward`: ikiwa 0, mwenyeji hapitishi pakiti za wengine. Ikiwa 1, shuku kanuni za fayawoli, hasa kama kuna mtu aliyezipakia upya na kuzifuta zile ambazo Docker ilikuwa imeziweka. Miongoni mwake ni ile inayobadilisha anwani ya mtumaji. Bila hiyo pakiti inaweza kutoka, lakini anwani kama 172.17.0.2 ni ya ndani, na huko nje hakuna anayejua jibu lirudishwe wapi.

Ila `ping` yenyewe si shahidi wa kuaminika sana. Kontena dogo linaweza lisiwe nayo kabisa, au likawa limenyimwa ruhusa ya kuitumia, na kosa la ruhusa si kosa la mtandao. Kwa majina mimi hupendelea `getent hosts example.com`, kwa kuwa hupita njia ileile ambayo programu nyingi hupita. Na `curl`, amri ya kupakua kurasa, ikilalamikia cheti cha usalama cha seva, acha kuhangaika na DNS: jina limepatikana na seva imejibu. Angalia kama `/etc/ssl/certs` ya humo ndani ina kitu.