Sarafu na Shimo Lake: Dhana Potofu Kuhusu Vitambua Metali na Akiolojia

Hapa Mombasa wengi huamini kwamba chini ya kila gofu la pwani kumezikwa dhahabu ya Mreno, na kwamba kinachokosekana ni mashine ya kuisaka. Wapo wanaoongeza kwamba dhahabu hiyo inalindwa na majini. Hilo sina la kulisemea. Kitambua metali huashiria metali ya namna yoyote, na kwa kitu cha ukubwa wa sarafu kwa kawaida hakifiki mbali zaidi ya sentimita 30 ardhini, wala hakitofautishi kwa uhakika sarafu na kizibo cha soda. Vigae vya vyungu, shanga za kioo na vipande vya kauri za Kichina, ambavyo ndivyo vinavyosimulia habari za miji ya kale ya Jumba la Mtwana na Gedi, mashine huvipita kimya, na mchimbaji mwenye haraka huvitupa kando pamoja na udongo.

Dhana iliyo nzito zaidi ni ile inayodai kwamba thamani yote imo ndani ya sarafu, hivyo aliyeichomoa na kuihifadhi vizuri hajaharibu kitu. Mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu, Pemba, zilipatikana sarafu ndogo za fedha zaidi ya 2,000, nyingi zikiwa na majina ya watawala wa pwani lakini hazina mwaka. Pamoja nazo zilikuwemo dinari chache za dhahabu za Wafatimi, ukoo wa watawala wa Kiislamu wa Misri, ambazo huandikwa mwaka, na kwa kuwa zote zililala mahali pamoja, wataalamu waliweza kuihusisha hazina hiyo na karne ya 11. Lau mtu angezichukua dinari akaziuza, zile za fedha zingebaki majina matupu.

Si kweli, hata hivyo, kwamba wanaakiolojia ni maadui wa mashine hii. Katika uwanja wa vita wa Little Bighorn, Marekani, mwaka huohuo wa 1984, wenye vitambua metali walijitolea kutembea kwa mistari wakiwa na watafiti. Kila risasi na kila ganda liliwekewa alama na kupimwa mahali lilipo kabla ya kuinuliwa, kisha ikawezekana kufuata jinsi bunduki moja moja zilivyohama uwanjani.

Wanaotazama video za Uingereza hudhani kwamba hata hapa mvumbuzi hupewa fungu lake. Fungu hilo linatokana na sheria ya Uingereza ya mwaka 1996, ambayo haitumiki hapa. Kenya inafuata sheria ya makumbusho na turathi ya mwaka 2006, ambayo inahitaji kibali kwa anayetafuta mambo ya kale, na vinavyopatikana ardhini ni mali ya serikali. Wala haihusu dhahabu peke yake: kitu kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya mwaka 1895 kimo, ikiwemo ile pesa ya shaba yenye mizani iliyotolewa mwaka 1888 kwa ajili ya Mombasa. Anayeikuta pesa hiyo shambani anapoparuza magugu aiache palepale, apige picha ya mahali, apeleke habari Makumbusho pale Fort Jesus, na asiisugue kwa ndimu na jivu kama tunavyosugua sinia, kwani mizani na maandishi huanza kufutika kabla kutu haijaisha.